Pumba kati ya vioo viwili: nilivyohangaika kupiga picha za furu Mwanza

Picha ya kwanza niliyomwonyesha dada mtafiti ilikuwa ya furu dume, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, mgongo mwekundu, ubavu wa njano, amesimama mlangoni pa pango lake kama mlinzi wa benki. Niliipenda mwenyewe. Dada akaivuta ikawa kubwa kwenye kompyuta, akasogeza uso karibu, akaniuliza kwa upole, "Kaka, haya meupe ni mayai?"

Hayakuwa mayai. Yalikuwa madoa ya mviringo, yamefifia pembeni, mengine madogo kama punje ya ulezi, mengine makubwa kama kichwa cha huyo furu. Tukafungua picha ya pili, yapo. Ya tatu, yapo. Nilikuwa nimepiga picha 612 kwa siku tatu na hakuna hata moja iliyotoka salama. Nikamwambia ni uchafu wa ziwa. Akakubali, kwa sababu kila mtu wa Mwanza anayajua maji yetu. Mimi mwenyewe nikajiamini, na kujiamini huko kulinigharimu wiki mbili pamoja na fedha ambazo mke wangu hadi leo anazitaja tukitofautiana.

Kwa kazi mimi ni mpiga picha wa harusi, kipaimara na mahafali. Nina chumba kidogo karibu na Makoroboi. Mambo ya chini ya maji niliyaingia kwa tamaa tu. Mwaka wa kwanza nilinunua kamera ndogo ya mkononi na hausingi yake, yaani kasha la kuzuia maji, kwa mzamiaji aliyekuwa anahama. Laki tisa. Lenzi ya nje akaniuzia kwa laki tatu na nusu. Nilikuwa nazichezea tu pale dada, mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayesomea furu, aliposikia habari zangu akanitafuta. Alitaka picha 40 za viumbe wadogo wa miambani kwa ajili ya mabango ya kufundishia watoto wa shule za kando ya ziwa: furu, vifaranga vyao, uduvi, konokono, sifongo wanaoota kwenye mawe. Milioni moja na laki mbili, nusu mkononi. Nani angekataa?

Nieleze kidogo hiyo lenzi ya nje, maana mkasa wote umo humo. Kamera ndogo peke yake haiwezi kumchukua mdudu wa milimita tano akajaa kwenye picha. Kwa hiyo unafunga kioo kingine cha kukuza mbele ya hausingi, kwa nje, mahali kinapolowa. Wazamiaji wanakiita dayopta. Changu kinafungwa kwa thredi ya milimita 67, kama unavyofunga kifuniko cha chupa ya kahawa. Kati ya kioo cha hausingi na kioo hicho unabaki mwanya, kina chake kama unene wa kidole. Mwanya huo ni lazima ujae maji. Ikibaki hewa, mwanga unapinda kivingine na picha inakatika vipande. Ukijaa maji, chochote kilichomo ndani ya maji hayo kimepanda gari moja na wewe, na kitakuwemo katika kila picha mpaka ufungue.

Leo naliandika hili kirahisi. Siku ile sikulijua.

Siku ya kwanza nilifunga lenzi nyumbani mezani, juu ya kitambaa safi, nimetulia kama fundi saa. Kosa. Nilipozama, maji yakaingia nusu, hewa ikabaki nusu, nikaona kwenye skrini mstari unacheza kama maji ndani ya kibuyu. Nikalegeza lenzi palepale nilipokuwa, mwalo wa Igombe, nimesimama maji ya kiuno, miguu imechimba tope, mitumbwi ya dagaa inashusha mzigo pembeni yangu. Hewa ikatoka. Mahali pake yakaingia maji ya pale nilipokanyaga. Nikakaza, nikafurahi kwamba mstari umeondoka, nikaenda kupiga picha siku tatu bila kufungua tena. Nilikuwa nimefungia tope kati ya vioo viwili na kulitembeza ziwani.

Baada ya swali la mayai nilianza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Kwanza nikasema tatizo ni flashi, iko karibu mno na lenzi, inamulika takataka zilizo mbele. Nikanunua mkono wa pili wa kushikia flashi, laki moja na elfu themanini. Madoa yakapungua kidogo, hayakuisha. Kisha nikampelekea fundi mmoja kamera akaisafisha ndani, elfu sitini. Simlaumu, alifanya nilichomwomba. Nikarudi ziwani mara tatu zaidi, kila safari elfu sabini kwa mafuta na mtumbwi. Hiyo ni laki nne na nusu, na hapo sijahesabu send-off mbili nilizowaachia wenzangu Jumamosi kwa sababu niko majini.

Aliyenifumbua macho ni mzee mwenye mtumbwi. Mimi namwita Babu, ingawa si babu yangu, yeye ananiita mjukuu, na asubuhi lazima nimwamkie "Mwangaluka" ndipo injini iwake. Alikuwa anachungulia skrini ya kamera kwa nyuma, nami nikamwonyesha yale madoa. Akasema, "Mjukuu, hizi pumba. Umechota maji yakiwa na pumba zake." Kisha akanielekezea kwa kidevu mama mmoja aliyekuwa anachota maji hatua chache kutoka kwetu.

Nilishaona watu wakichota maji ziwani maisha yangu yote, lakini siku hiyo ndipo nilipoangalia. Yule mama aliingia mpaka magoti yakafunikwa, akasimama bila kutikisika mpaka tope aliloliamsha likapita. Akapunga kitako cha ndoo juu ya maji, mara mbili, kushoto na kulia, ule utando wa kijani ukasogea. Ndipo akaizamisha ndoo mdomo ukiwa chini, akaigeuzia huko chini kabisa, ikajaa maji ya katikati: si ya juu yenye mwani, si ya chini yenye tope. Akatoka. Yote hayo sekunde ishirini, huku anaongea na mwenzake.

Usiku ule nikafanya jaribio ambalo ningelifanya siku ya kwanza ningeokoa fedha zote zile. Nilichukua beseni, nikajaza maji safi ya bomba, nikaweka sarafu ya shilingi 200 chini, nikazamisha kamera na lenzi yake kama zilivyotoka ziwani, bila kufungua. Nikapiga. Madoa yaleyale! Kwenye beseni la jikoni kwangu! Ziwa lilikuwa umbali wa kilometa nne, lisingeweza kuwa ndani ya ile picha.

Basi nikaizungusha lenzi nusu mzunguko, nikapiga tena sarafu ileile. Hapo ndipo mambo yalipojipanga, na nawaombeni mjifunze hapa kabla ya kununua chochote. Doa likizunguka pamoja na lenzi, limeganda kwenye kioo cha lenzi ya nje. Likibaki palepale, limeganda kwenye kioo cha hausingi au liko ndani ya kamera. Mara nyingi uchafu wa ndani kabisa hutoka mweusi, kama kivuli, na unaonekana zaidi ukibana tundu la lenzi. Wa kwenye mwanya hutoka mweupe kwa sababu flashi inaumulika. Likihama unapoinamisha kamera na kuiinua, hilo linaogelea ndani ya mwanya. Na likiwa mahali pengine kabisa kila picha, halirudii sehemu, hilo ndilo la ziwa. Yangu, kwa kukadiria, tisa katika kila kumi yalikuwa yanaogelea ndani ya mwanya. Ziwa lilikuwa na kosa dogo sana.

Kulikuwa na jambo jingine nililolifanya bila kujua linazidisha ubaya. Nilikuwa napiga f/11, tundu dogo kuliko yote kwenye kamera yangu, ili kiumbe chote kionekane vizuri tangu pua hadi mkia. Tundu likibanwa, hata kilicho karibu sana na lenzi kinaanza kuwa na umbo. Nilipofungua mpaka f/5.6, mengi ya madoa yale yaliyeyuka yakawa ukungu. Si dawa. Ni kama kuweka zulia juu ya sakafu chafu, na furu anabaki na jicho safi na mkia wa moshi.

Sasa nikaanza kutafuta dawa yenyewe, na hapo nikaongeza makosa mapya.

Pete inayoshika lenzi yangu ina matundu madogo pembeni. Yametobolewa makusudi ili hewa itoke ukiwa majini. Nikawaza: kama hewa inatokea hapo, pumba nazo zinaingilia hapo, maana kila wimbi likikutikisa mwanya ule unapumua, unatoa maji na kuvuta mengine. Nikamwomba mke wangu stokingi ya zamani, nikakata kipande, nikakifunga juu ya matundu kama chujio. Nilijiona mgunduzi. Majini, nyavu ndogo ikishalowa hairuhusu kiputo kupita. Hewa iling'ang'ania ndani na mimi nilikuwa nageuka-geuka chini ya maji kama samaki aliyelewa nikijaribu kuitoa. Stokingi ikaenda kwenye takataka. Mke wangu akauliza iko wapi mwenzake.

Nikaja na tyubu ya baiskeli. Hii ilikuwa nusu ya jibu. Nilikata ukanda wa tyubu, upana wa vidole vitatu, nikauvuta juu ya maungio yote ili kufunika matundu. Lakini niliuvalisha nikiwa juu ya mtumbwi, mwanya ukiwa na hewa, nikifikiri nitaitoa nikifika chini. Kwa pumzi yangu nafika mita 4 hivi. Kina hicho maji yanakandamiza karibu sehemu nne ya kumi ya kilo kwa kila sentimita ya mraba, na kioo changu kina sentimita za mraba 35. Kilo 14, kama mtoto wa miaka mitatu amekikalia, na kwa ndani hakuna maji ya kumsukuma. Lenzi haikugeuka hata kidogo. Nikalazimisha. Kumbe kulikuwa na punje ya mchanga kwenye thredi, ikachimba alumini. Nilipanda nayo imekwama, ikaja kufunguliwa na fundi wa mashine ya kukereza, elfu arobaini, naye akanisihi niache ubishi na vyuma. Ongeza hiyo kwenye ile laki nne na nusu.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Nachemsha maji usiku, lita tatu, nayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Sababu ya kuyachemsha si vijidudu peke yake. Maji ya bomba yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Yakipata joto la jua, hewa hiyo inajitokeza kwenye kioo kama viputo vidogo vidogo, mamia, na kwenye picha huwezi kuvitofautisha na pumba. Nilishapoteza asubuhi nzima kwa hilo. Maji yaliyochemka hewa yake imeshaondoka. Yasiwe ya friji, yawe na joto la kawaida, karibu na la ziwa. Alfajiri nayatia kwenye chupa ya chai, ile kubwa, kwa kuwa inafunga vizuri na haiingizi vumbi la barabarani.

Kwenye mtumbwi nina ndoo ndogo yenye mfuniko. Namimina yale maji, nazamisha hausingi kwanza kichwa chini, kisha lenzi peke yake. Napitisha ncha ya kidole kwenye vioo vyote viwili, polepole, chini ya maji. Si kwa fulana, si kwa karatasi laini ya chooni; hizo zinaacha nyuzi, na nyuzi moja kwenye picha ya karibu inatoka kama kamba ya nanga. Kidole kikiwa safi kinatosha. Nageuza lenzi huko ndani kama yule mama alivyogeuza ndoo, naileta kwa kuinamisha, upande mmoja uguse kwanza ili hewa ikimbie upande wa pili, halafu nakaza. Nalegeza nusu mzunguko, nagonga kwa kucha mara tatu matundu yakiwa yameangalia juu, nakaza tena. Naangalia kwa ndani kwa tochi. Nikiona hata kiputo kimoja, narudia. Mwisho navuta ule ukanda wa tyubu juu ya matundu, yote hayo bado yamo ndani ya ndoo. Mwanya ukiwa umejaa maji, kina hakina cha kukandamiza, kwa hiyo lenzi haikwami.

Ule mpira mweusi umenipa faida nyingine ambayo sikuitarajia. Unazuia mwanga wa flashi usiingie kwenye mwanya kutoka pembeni. Hata kama kuna chembe moja imebaki humo, haimulikwi, na isiyomulikwa mara nyingi haionekani.

Gharama yake? Tyubu nilipewa bure na fundi baiskeli. Ndoo ilikuwepo. Nimeongeza sirinji ya mililita 60 ya duka la dawa, kama elfu mbili, yenye mpira mwembamba mbele, kwa siku ambazo nimelazimika kufungua lenzi majini na nataka kusukumia maji safi kupitia tundu moja mpaka machafu yatokee tundu la pili. Ukipitisha sirinji tatu hivi mwanya unasafika. Nne, ukiwa karibu na tope.

Kama huna ndoo wala chupa, fanya alivyofanya yule mama. Ondoka ulipokanyaga. Asubuhi tulivu mwani wa kijani, ule unaofanana na rangi iliyomwagika, hupanda juu kwa sababu seli zake zina vifuko vya hewa. Basi usifunge lenzi juu kabisa ya maji. Shuka urefu wa mkono, ukae mbali na chini, utulie, upepee lenzi mara kadhaa kama unapepea jiko la mkaa, ndipo ufunge. Haitakuwa safi kama ya ndoo, ila utapata picha.

Mzamiaji mmoja aliwahi kunishauri ninunue kishikio cha bawaba, kinachofunguka na kujifunga kama mlango. Nimekijaribu cha kuazima. Kina raha yake: ukiona pumba unafungua, unapepea, unafunga. Lakini ni mlango usiokaza, na kwenye ghuba yetu mlango usiokaza unaingiza wageni kila dakika. Kwenye maji maangavu ningekinunua. Hapa hapana.

Usisahau na kurudi. Usifungue lenzi ikiwa imekauka na mchanga kwenye thredi. Iloweke nusu saa kwenye maji safi kwanza, ndipo uifungue ikiwa ndani ya maji, kisha ikaukie kivulini. Ziwa letu halina chumvi ya kuacha, lakini lina utando, nao ukikauka juani unashika kama wanga kwenye sufuria ya ugali.

Kuhusu mwili wangu niseme ukweli pia. Niliingia majini wiki nzima bila kufikiria kichocho, mimi niliyezaliwa hapa. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Baada ya siku ya pili niliwashwa miguu nikapuuza. Nilipopima mapema majibu yalikuwa safi, na nesi akanieleza kuwa mayai ya minyoo huchelewa kuonekana, wiki sita hadi nane na zaidi, nirudi. Niliporudi, nilikuwa nayo. Nilipimwa uzito, kilo 75, nikapewa vidonge vitano vya prazikwanteli, nikanywa, tumbo likasokota usiku mmoja, yakaisha. Kipimo kinategemea uzito wako, usinywe kwa kuazima hesabu yangu. Tangu hapo navaa suti ya mpira ya kufunika mwili, naepuka kwenye majani na konokono, na naepuka saa za jua kali, maana minyoo hiyo hutoka kwa konokono kwa wingi mchana. Kuhusu mamba na viboko sina utaalamu. Namuuliza Babu, akisema "leo hapana," narudi nyumbani na sidai sababu.

Na siku za mvua usijisumbue. Mto Mirongo ukishamwaga ziwani ulichokibeba mjini, hakuna ndoo wala sirinji itakayokusaidia, kwa sababu hapo uchafu ni wa ziwa kweli, uko mbele ya lenzi.

Tulikwenda kumalizia kazi kisiwa cha Makobe, kwenye ghuba ya Speke, ambako maji ni maangavu kuliko ya huku ndani. Njiani dada alinisimulia jambo ambalo lilinifanya nisiyadharau tena yale madoa. Furu niliyempiga siku ya kwanza, yule mwekundu, kitaalamu anaitwa Pundamilia nyererei, na hilo "nyererei" alipewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Ana ndugu yake wa rangi ya bluu, Pundamilia pundamilia. Majike huwatambua madume wao kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake wawili walichapisha katika jarida la Science kwamba maji yakichafuka, mwanga unabadilika, majike hawatofautishi tena vizuri, na aina hizo zinaanza kuchanganyika. "Kwa hiyo kaka," akasema, "pumba zako zinawasumbua na wao." Nilicheka, kisha nikanyamaza muda mrefu. Ziwa hili lilikuwa na aina za furu zipatazo 500, na mimi nilikuwa nalalamika kuhusu sendoff mbili.

Makobe nilimpata jike amebeba watoto mdomoni. Furu wengi hulea hivyo. Nilimsubiri kwenye ufa wa jiwe pumzi saba, nane, nikipanda na kushuka, mpaka akalegeza taya kidogo na ndani yake nikaona macho, meusi, mengi, yamepangana kama mbegu za papai. Nilipiga picha tatu. Jioni dada akaivuta ikawa kubwa, akasogeza uso kama siku ile. Nilikuwa nimeshika pumzi hata nchi kavu. Akahesabu kwa sauti, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, na safari hii kilichohesabiwa kilikuwa macho kweli.

Kati ya picha 40 alichukua 36. Nne bado ninamdai ziwa. Nusu ya pili ya malipo ilikuja, na baada ya kutoa hasara zote nilibaki na kama laki saba, ambayo kwa mwezi mzima wa kulowa siyo kitu cha kujisifia.

Babu amebaki na lawama yake moja. Kila alfajiri ananiona na chupa ya chai, na kila alfajiri ananyoosha kikombe, nami namwambia ni maji ya lenzi. Siku ya Makobe alinuna mpaka tunafika. Basi sasa nabeba chupa mbili zinazofanana, moja ya tangawizi ya kwake. Wiki iliyopita, bado giza, nilimimina kwenye ndoo nikasikia harufu ya tangawizi inapanda, hausingi ikiwa tayari mkononi. Babu alicheka hadi akakaa chini. Chupa ya lenzi nimeizungushia kipande cha tyubu kilichobaki, ili hata gizani niijue kwa kuishika.